Nilimpeleka Mke Wangu Msibani Kinyumenyume

Kosa ni langu, jamani, si la gari. Jina langu niacheni nalo. Ifakara ni mji mdogo, na wanaonicheka tayari wanatosha.

Mwaka ule mpunga ulikubali. Nikauza, nikashuka Dar es Salaam, nikarudi na gari kubwa lililokwishatumika Ujapani, limeinuka juu kama la mkurugenzi. Halina klachi! Unaweka D, unakanyaga mafuta, bwana mkubwa unakwenda. Siku ile nilizunguka soko mpaka wauza dagaa wakachoka kunipungia mkono.

Haukupita muda giaboksi ikaanza kuteleza. Injini inanguruma kama simba, gari limetulia kama ng'ombe aliyeshiba. Nilijua! Lakini ningemwambia nani, mimi niliyekuwa nawapigia honi wenye baiskeli wanipishe? Nikawa naongeza sauti ya redio ili abiria wasisikie.

Ndipo baba mkwe akafariki, kwao Kiberege. Asubuhi ya mazishi shemeji yangu alipita na lori la mpunga limejaa waombolezaji.

"Shemeji, pandeni, nafasi ipo."

Mke wangu, Mama Veneranda, alishainua mguu. Nikamshika mkono. "Mke wa mwenye gari anapanda lori? Watu watasemaje?"

Ujinga mtupu!

Tulipoiacha Kibaoni kidogo tu, gari likakataa. D, halitaki. Gia ya pili, halitaki. Akapita mtu na baiskeli, mke wangu akaomba apakiwe. Nikasema, "Subiri, likipoa litakwenda." Tukasubiri. Jua likapanda, yeye analia, mimi nalipepea boneti kwa kofia kama napepea mgonjwa.

Mwishowe nikajaribu gia ya nyuma. Likaruka! Wakulima wakatusaidia kuligeuza, makalio yakaelekea Kiberege, nikaanza safari ya kinyumenyume, shingo imepinda, vumbi lote linaingia dirishani. Wanawake waliokuwa wakivuna wakasimama kushangaa.

"Baba, unakwenda au unarudi?" mmoja akauliza. Wenzake wakaangua kicheko.

Tulipofika, watu walikuwa wanatoka makaburini na majembe yao. Baba mkubwa wa mke wangu alilitazama gari likiingia uani nyuma mbele.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mkwe, hata siku ya leo unatupa mgongo?"

Nilitamani ardhi ipasuke! Mke wangu akafungua mlango. Alishuka, akakimbilia kaburini, udongo bado mbichi. Hakumwona baba yake.

Matanga yalipoanuliwa hakurudi nami. Niliwasumbua sana wazee wamsihi, mpaka akakubali kurudi nyumbani. Gari nililiuza vipande vipande. Mpaka leo, wadogo zake wakija kututembelea huwauliza, "Baba mlimvalisha shati gani?" Mmoja husema jeupe, mwingine husema la bluu. Wakiondoka, ananitazama. Hanigombezi. Heri angenigombeza!

Ndugu yangu mwenye gari bovu, liite bovu mbele za watu. Wacheke, wachoke, wakalale. Lakini lori likisimama mlangoni siku ya msiba, mpandishe mwenzio, nawe panda, ukalie magunia. Sifa zako hazitamfukua maiti ili mwanawe amuage.