Gemu Zilizokaa Kabatini kwa Bibi

Naikumbuka Ijumaa moja, mwanangu. Usinicheke kwa kukuita mwanangu. Mie shangazi yako, na mtu akishaitwa shangazi ndo kashakuwa mzee, khalas. Jana umelia hapa kwa kuwa umeambiwa dukani gemu za mashine yako haziletwi tena. Basi kaa nikwambie, na mie kukaa sana siwezi.

Mashine yetu ilikuwa ile yenye skrini kwenye rimoti yake. Kipya kinyemi ingawa kidonda: tuliililia mpaka Baba akatununulia. Lakini watu hawakuipenda. Skuli nzima walikuwa na ile nyengine, wakituuliza, "Hilo sinia lenu mnalichezeaje?" Mara duka moja la mtaa wa Azaiba likaanza kuziuza gemu zake kwa bei ya kutupa. Muuzaji akatwambia, zikisha hizi ndo basi. Kaka yangu Saidi, yaani baba yako, akabeba alizoweza.

Tukazileta nyumbani Sib, nikazipanga kwenye kabati la vioo la Bibi, baina ya vikombe vya wageni, na nailoni zilizofungiwa dukani sikuzitoa. Niliona zikifunguliwa zote, mambo yamekwisha. Ile ya kucheza watu wawili, ya ndugu wanaotafuta njia ya kutoka pangoni, nikaificha nyuma kabisa.

Na Saidi wiki ile ile anaondoka kwenda kusoma Malesia.

Ijumaa hiyo, tumeshakula pilau, Saidi akasema, "We mtoto, hebu toa ile ya pango tucheze. Mie nnaondoka."

"Ngoja urudi likizo. Akiba haiozi."

Bibi alikuwa anamimina kahawa. Akaliweka dele chini. "Haiozi, kweli. Na wa kula naye je? Naye umemtia nailoni?"

Saidi akacheka mpaka akapaliwa na halua. Mie nikanuna. "Na wewe Bibi vikombe vyako mbona hatujavinywea hata siku moja?"

Nilidhani nimemshinda.

"Ndo nnakwambia," akasema polepole. "Babu yako kafa hajavinywea."

Akanyanyuka, akafungua kabati, akatoa gemu na vikombe vyote pamoja.

Tulicheza mpaka Magharibi, tukigombana, tukisukumana kwenye zulia. Tukakwama kwenye daraja lililovunjika. Saidi akasema, kesho. Kesho yake wakaja watu wa kumuaga, nyumba ikajaa, halafu akapanda ndege.

Alirudi, alhamdulillah. Lakini aliyerudi ni baba yako: ana ndevu, ana kazi, simu haimwachi. Yule wa kusukumana na mie nilimpata alasiri moja tu, na hiyo alinipa Bibi.

Kwa hiyo, mwanangu, kiwanda kikifunga, wacha kifunge. Si wewe wa kukifungua. Ulizo nazo zicheze, tena usicheze peke yako. Mwite huyo jirani anayekucheka kwa mashine yako. Mwite baba yako akitoka kazini, na akisema kachoka mvute mkono. Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako.

Mungu akupe umri mrefu, akuoneshe ulicho nacho kingali mkononi, wala asikukoseshe mtu wa kukaa naye. Amin.

Haya, inuka! Nasikia gari ya baba yako.