Mtoto Aliyegoma Kuitika Jina Lake

Bisheni mnavyotaka, lakini juzi kule Mbuji wanaume kumi tulishindwa na mtoto wa miaka minne, na sauti yangu ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote.

Mimi ni utingo wa lori la kahawa, la hawa wanunuzi binafsi walioruhusiwa majuzi. Tukiwa tunapakia magunia, mama mmoja akapiga kelele kwamba mwanawe haonekani. Mahindi yalikuwa bado yamesimama, na shamba zima la hapo kando ni mashimo ya ngolo, yale yanayochimbwa mteremkoni ili mvua isibebe udongo. Tukaita jina la mtoto mpaka makoo yakakauka. Kimya.

Bibi yake akajishika kichwa. "Haitiki huyo. Nilimkataza kuitika jina shambani kama hamwoni anayemwita."

Mama akaanza kuimba wimbo wao wa sala ya jioni: "Nani kondoo wa Bwana?"

"Dada, kwaya ni Jumapili!" nikamtania.

Akarudia kwa nguvu zaidi. Toka shimo mojawapo kisauti kikapokea: "Mimi hapa, mimi hapa!"

Mama akaketi palepale kwenye udongo, akicheka na kulia. Bibi akashusha pumzi. "Wimbo nilisahau kumkataza. Mungu asifiwe."

Nanyi mnaosema kuimba na watoto ni kuchelewesha ugali, endeleeni tu kuwahi kula.

Kuna kitu nimekiruka. Yule mama alikuwa ameniambia, "Kaka, niangalizie mtoto kidogo." Nikamgeuzia mtoto mgongo, nikawa nawasimulia wapakiaji jinsi nisivyopotezaga mzigo wa mtu.