Fatiha Iliyoonekana Dirishani

Kwenye kiwanda cha samaki wa sadini cha mji wa Mahdia, Shadlia hakuchaguliwa kuwa msemaji wa chama cha wafanyakazi kwa sababu ya hekima. Alichaguliwa kwa sababu ya koo. Akimwita mumewe aje kula, hugeuka na waume wa mtaa wa pili. Naye kazi hiyo aliipenda kuliko alivyokuwa tayari kukiri. Baada ya miaka ya kukata vichwa vya samaki, hatimaye alikuwa na watu wa kumsikiliza.

Shida ni kwamba watu wenyewe walikuwa kambi mbili zisizoamkiana. Wanawake wa mjini, wakiongozwa na wifi yake Munjia, walitaka nyongeza ya mshahara kwanza. Wa mashambani, wakiongozwa na Zakia, walitaka basi, maana walichoka kupakiwa nyuma ya pikapu kama makasha. Mwenye kiwanda, Bwana Shukri, aliyajua hayo na yalimnenepesha. Kila akiombwa kitu alisema, "Mkubaliane nyinyi kwanza."

Siku ya mazungumzo walijazana uani, kila kambi upande wake, macho kwenye dirisha la ofisi. Shadlia aliwaapia kwamba hatakubali lolote kabla ya kutoka kuwauliza.

Ndani, Shukri akaweka chambo mezani: nyongeza kiduchu, basi hakuna. Shadlia akavuta pumzi ampe vidonge vyake.

"Niwie radhi, Mama Shadlia," Shukri akasema kinyonge. "Leo sina nguvu za kubishana. Juzi tumemzika mama, huko kwao Gafsa."

Hasira zikamwisha. Ungefanyaje wewe? Aliinua viganja akasoma Fatiha. Shukri akainua vyake, mwanasheria wake naye, kisha wote wakajipangusa nyuso.

Sasa, hakuna mtu wa Mahdia asiyejua maana ya pande mbili kusomeana Fatiha mezani: mapatano yamefungwa. Ndivyo wanavyoozeshana, ndivyo wanavyouziana mashamba.

"Ametuuza!" Munjia akapiga ukelele kule uani.

"Tena bila mahari!" Zakia akadakia.

Shadlia akatoka mbio. "Jamani, ile ni ya maiti! Mama yake kafa!"

"Na sisi je, tumefufuka?" Munjia akamkatiza. "Tupishe hapa, msaliti mkubwa! Bila mshahara hakikatwi hata kichwa kimoja!"

"Na bila basi!" Zakia akaongeza.

"Na bila basi!" Munjia akaitikia, akamshika Zakia mkono.

Shadlia angeweza kuwazima wote kwa koo lile. Lakini alimwona Shukri mlangoni, rangi imemtoka, akitazama ua usio na kambi. Akafumba mdomo. Ilimuuma sana, kwani aliyekuwa akimwita msaliti ni wifi aliyekula naye sahani moja.

"Umewaona?" akamwambia Shukri kwa sauti ya chini ambayo hakuna aliyewahi kuisikia. "Mimi siwawezi tena. Wewe utawaweza?"

Kabla ya adhuhuri Shukri alikuwa ametia saini vyote viwili, nyongeza na basi.

Wanawake wakapiga vigelegele, wakakumbatiana, kisha papo hapo wakaitisha kikao cha kumng'oa Shadlia.

"Anayetaka Shadlia aondoke, mkono juu!" Zakia akatangaza.

Mikono ikapanda yote. Chama hakijawahi kuona kura ya namna hiyo. Shadlia akawatazama mmoja mmoja, akainua na wake, umoja usije ukavunjika kwa ajili ya mkono mmoja.