Lozi za Baba wa Ubatizo

Kaka yangu Eutimio ni mbishi, sifichi. Miaka arobaini ameutengenezea mji wetu lozi za sukari, zile ambazo baba wa ubatizo huwarushia watoto mlangoni mwa kanisa. Yeye mwenyewe hakuwahi kurusha hata moja. Hana mke wala mtoto, na hakuna aliyemwomba awe baba wa ubatizo mpaka binti yangu Visitación alipojifungua. Siku alipoombwa alilia mbele za watu, wala hakujali.

Ubatizo ulipangwa Jumapili, na Jumatano akaanza kazi. Sufuria ya shaba inaning'inia kwa mnyororo juu ya makaa. Anatikisa lozi, anamwagia shira, anangoja ikauke, anamwagia tena. Ijumaa mvua ikatushukia na sukari ikagoma kukauka. Jumamosi nikaonja.

"Tamu! Kesho tia mfukoni, twende."

"Bado tabaka tatu, Nieves."

"Nani atahesabu tabaka? Watazibugia tu!"

"Padre alinieleza. Hili jina la lozi hizi, confite, limetoka kwenye Kilatini, maana yake kitu kilichofanywa mpaka kikakamilika. Sasa hizi nizirushe niziite nini?"

"Ngoja ngoja yaumiza matumbo, kaka!"

"Na haraka haraka haina baraka, dada."

Nikaondoka nimenuna. Siku yake moja maishani, na anaichezea!

Jumapili mtoto akabatizwa. Tulipotoka, watoto wa mji mzima walikuwa wanangoja. Eutimio akageuza mifuko yake nje. Mitupu!

"Baba mchoyo! Baba mchoyo!"

Jamani, niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Yeye anacheka.

"Mbona sauti ndogo? Nifuateni!"

Mvua ilikuwa imekatika na upepo mkavu unavuma. Wakamfuata wakimzomea mpaka karakana yake, nasi nyuma na mtoto wetu. Akavua koti, akamalizia tabaka zake tatu huku wanamwimbia uchoyo mlangoni, na mimi, Mungu anisamehe, niliwaitikia.

Alasiri akatoka na kapu. Akachota kwa mikono miwili, akarusha juu kabisa. Lozi zikalia juu ya mawe, watoto wakazigombania kwa magoti.

"Aishi baba! Aishi!"

Moja ikaniangukia kwenye shali. Nikaitafuna. Eutimio akanitazama.

"Haya, sema."

"Za jana hazikuwa hizi," nikamwambia, nikalia mbele za watu, wala sikujali.