Mwenyekiti wa Kuzikana na Meli Iliyozama

Taarifa ya kifo chake iliingia asubuhi kwenye kundi letu la simu, na kwa muda mrefu hakuna aliyejibu. Si kwamba hatukuumia. Tulikuwa tunamsubiri yeye. Miaka yote niliyoishi Ipagala, msiba ukitangazwa tu, ujumbe unaofuata ni wake: fulani alete turubai, kina mama wa Makole waje na mchele, na wewe Mwandishi beba masufuria, usisahau mifuniko. Safari hii aliyefariki ni Mwenyekiti mwenyewe, na sisi watu wazima na akili zetu tukabaki tumekodolea simu macho. Mwishowe nikaandika, "Masufuria nabeba." Kisha nikakaa kitandani nikalia, na katikati ya kilio kicheko kikanitoka, maana nililikumbuka sufuria letu kubwa la pilau na kazi tuliyolifanyisha mwaka juzi.

Wasomaji wangu wa siku nyingi wanaujua mtaa wangu. Kwa mgeni, niseme tu kwamba Dodoma ya sasa imejaa watu tuliokuja tukiifuata kazi. Wizara ilihama, nasi tukahama nyuma yake na magodoro yetu. Unaishi ukuta kwa ukuta na mtu wa Mtwara na hujui mwanawe anaitwa nani. Kilichotufanya tujuane ni chama cha kufa na kuzikana, na aliyekianzisha ni huyu mama wa Kondoa, muuza mafuta ya alizeti, mfupi, mwenye sauti ya kufika mtaa wa tatu. Alitupokea mmoja mmoja kwa swali moja: "Ukifa leo, nani anakuzika?" Swali baya kwelikweli kumkaribishia mgeni, lakini hakuna aliyelisikia akakataa kujiunga.

Mwaka juzi ikatokea ajabu: mwaka ukapita mzima hatujazika mtu. Kwenye mkutano wa mwisho wa mwaka Mwenyekiti akasimama, uso umemchangamka. "Ndugu zangu, Mungu ametupumzisha. Masufuria yameingia buibui. Mimi nataka twende baharini." Alikuwa ameona kwenye simu watu wamevaa miwani ya kuzamia wakiitazama meli iliyozama kando ya kisiwa kimoja huko pwani, na tangu siku hiyo hakulala vizuri. Mweka Hazina wetu, mama wa Bahi asiyetania na kifo wala na risiti, akaruka juu. "Chama cha kuzikia kwenda kula raha? Mwenyekiti, huko ni kumwita Izraili kwa jina! Huo ni uchuro." Mwenyekiti akasema kwa sauti ya chini, ambayo kwake ilikuwa kitu kigeni: "Nyie nawaona misibani tu. Hata nikiwaota, mnalia. Nataka mara moja, moja tu, tukusanyike bila maiti katikati yetu. Na kama ni uchuro, basi uanze na mimi. Mwandishi, wewe shahidi." Tukakubaliana kila mtu ajilipie, mfuko wa chama usiguswe. Mweka Hazina akasema atakuja, ili awepo mtu mmoja mwenye akili.

Sasa tatizo: hakuna hata mmoja wetu aliyejua kuogelea. Dodoma maji tunayajua kwenye ndoo. Mwenyekiti akaagiza miwani na mabomba ya kupumulia, akalitoa sufuria la pilau ya msiba, lile ambalo watu wawili hulibeba kwa kupokezana, akalijaza maji uani kwake. "Ingiza uso, pumua kwa bomba, usimeze!" Tukapanga foleni. Jirani akachungulia juu ya ukuta, akauliza kama ni tambiko. Wa mwisho alikuwa Mweka Hazina, aliyedai amekuja kulinda mali ya chama tu. Akainama, akakaa humo hadi tukaanza kuogopa. Alipoinuka, maji yanamchuruzika kidevuni, akasema, "Kumbe huku chini kuna kimya hivi? Hakuna anayeniuliza salio." Maji yale hatukuyamwaga ovyo, tulimwagilia mchicha.

Basi tukaenda, kwa treni ya umeme kisha kwa boti, tukiimba njia nzima. Tulipofika ile meli ilikuwa imelala ubavu karibu na kisiwa, chuma chekundu kwa kutu, maji yake ya kina kifupi na maangavu. Nahodha akatuvisha majaketi ya kujiokolea. Tuko tayari, Mwenyekiti akanyoosha mkono. "Subirini. Baba nahodha, hapa walikufa wangapi?" Nahodha akashangaa, maana wageni huuliza habari za samaki. Mwenyekiti akamweleza: "Sisi ni watu wa misiba. Hatuingii kwa mtu aliyefiwa bila kumpa pole." Nahodha akavua kofia. "Hakufa mtu, mama. Ilipanda mwamba, wote wakashuka, maji yakawafika kiunoni, wakatembea hadi kisiwani wakasonga ugali." "Hata mmoja?" "Hata paka." Mwenyekiti akatugeukia, macho yamemtoka. "Meli nzima imezama na hakufa mtu! Hapa si msibani jamani, hapa ni harusini!" Akaruka. Dera likajaa hewa likainuka juu ya maji kama turubai letu la msiba, na nahodha akawa anapiga kelele, "Mama, bomba! Bomba mdomoni!"

Sitasahau kilichofuata. Samaki wa mistari ya njano walikuwa wanaingia na kutoka madirishani kama wenye nyumba, na Mwenyekiti amenishika mkono ananionyesha kila mmoja, akizungumza ndani ya bomba maneno ambayo hayakueleweka hata moja. Alipoibuka alitema na kutangaza, "Maji haya yana chumvi kama ya kisima chetu! Kumbe siku zote tunakunywa bahari!" Mweka Hazina yeye alipanda lile boya refu linalovutwa na boti, likamtupa, akapanda, likamtupa, akadai tena. Niliwatazama watu niliowafahamu miaka mingi kwa nyuso za kilio, nikagundua kwamba nilikuwa sijawahi kuyaona meno yao. Sisi Watanzania tuna kasoro hiyo. Mwenzetu akiugua tunamtumia pole ya simu, akifa tunakodi basi. Kuzika tunajua sana, tunazika kwa upendo na kwa wingi, ila kufurahi pamoja tunaona ni ufujaji.

Asubuhi ya mazishi nililishusha sufuria uani kwa marehemu. Ndugu zake walikuwa wamewasili kutoka Kondoa. Mwanachama mmoja akaninong'oneza, "Si alijitamkia mwenyewe uanze na yeye? Ndiyo huo uchuro umefika." Mweka Hazina alikuwa nyuma yetu na ndoo. "Uchuro gani unatoka baharini mwaka juzi unafika Ipagala leo? Ulikuja kwa punda?" Hakungoja jibu. Akalisuuza sufuria, akalijaza maji safi, akavuta pumzi, akazamisha uso. Mama mmoja mgeni akapiga ukunga akidhani ni uchungu umempanda. Alipoinuka hatukuweza kutenganisha maji na machozi. "Kimya," akasema. "Kama kulekule." Wenzake wakaanza kujipanga foleni bila kuambiwa, wanalia wanacheka, na mimi nikasogea nyuma yao. Shangazi wa marehemu akauliza, "Hii ni desturi gani, wanangu?" Mweka Hazina akamjibu kwa heshima, "Ya kwetu hapa, shangazi. Kaianzisha marehemu." Bibi yule akalitazama sufuria, akakaza ushungi wake, akainama naye.

Kisha tukapika pilau humohumo, tukamzika vizuri, kwa sababu alitufundisha. Nilimlilia kama mtu wangu wa damu, na nilimlilia nikijua anavyocheka. Ndilo ninalowaachia leo. Kama mtaani kwenu mna chama cha kuzikana, bila shaka kina sufuria kubwa stoo. Litoeni sasa, mlijaze maji mcheke, kabla hamjalijaza mchele.