Jumapili ya Kuosha Cheni na Baba

Maji ya Ziwa Naivasha yalipoingia mtaani kwetu Kihoto, baiskeli yangu ilikaa ndani ya tope siku tatu. Niliitoa, nikahamia na watoto wangu nyumba ya kupanga kwenye ploti moja ya juu karibu na barabara, lakini cheni ilikuwa imeshikana kwa uchafu na grisi ya zamani. Ilikuwa inalia njia nzima hadi shamba la maua. Wanawake ninaowasimamia pale tunapopanga maua walisema wananisikia kabla hawajaniona.

Wakati huo baba alikuwa amekuja kutoka kwetu Elburgon kutibiwa macho. Yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho, na alikuwa akingoja siku ya kupasuliwa. Jumapili, tulipotoka kanisani, alinisikia nikitikisa kopo la mafuta nje ya mlango.

"Unapaka mafuta juu ya matope?" akauliza. "Hayo ni mapambo. Lete mafuta taa, na mswaki uliochakaa."

Akaipindua baiskeli, ikasimama kwa kiti na usukani. Mkono wake wa kulia una vidole viwili tu. Vile vingine vilichukuliwa na msumeno kwenye kiwanda cha mbao alikofanya kazi maisha yake yote. Kwa vidole hivyo viwili alitafuta kiungo cha mwisho cha cheni, akang'oa klipu inayokifunga, kibati kidogo kuliko punje ya mahindi, akakiweka mfukoni mwa shati. Cheni akaizamisha kwenye mkebe wa mafuta taa. Akapiga mswaki kiungo kwa kiungo, akamwaga yale mafuta yaliyogeuka meusi, akatia mengine, akarudia. Halafu maji moto na sabuni ya unga, kisha akaianika juani kwenye kamba ya nguo.

Sikuwa nimemwona akifanya kazi kwa upole namna ile. Nadhani ndiyo sababu hasira zilinipanda. Nilijiuliza upole huo ulikuwa wapi zamani.

Nilipokuwa na miaka tisa nilimwaga karai la maharagwe jikoni kwetu, na sakafu ilikuwa ya udongo na vumbi la mbao. Baba alinipigisha magoti, niokote moja moja kwa mkono. Yeye aliketi kwenye kiti akinywa chai. Karai lilipokaribia kujaa, alilisukuma kwa mguu, yakamwagika tena. "Sasa utajifunza kushika vitu," alisema. Mama alikuwa amesimama mlangoni na hakutia neno. Niliokota mpaka magoti yakatoka damu.

Cheni ilipokauka aliirudisha kwenye meno, akaunganisha ncha mbili, akatoa klipu mfukoni. Ikamponyoka. Mimi niliiona ilipoangukia, kando ya kiatu changu. Sikufikiri. Niliinua mguu, nikaikanyaga.

"Imeanguka," baba akasema. "Umeiona?"

"Sijaiona."

"Lazima iko hapa hapa."

"Basi itafute, baba. Kesho saa kumi na mbili unusu natakiwa kazini."

Akapiga magoti. Suruali yake ya kanisani ilikuwa ya kijivu. Akaanza kupapasa changarawe kwa viganja, akisogeza uso chini hadi pua ikakaribia kugusa mawe. Aliokota kipande cha chupa, akakihisi kwa kidole gumba, akakitupa. Aliokota kifuniko cha soda. Mimi nilikuwa na kikombe cha chai mkononi, na nilikunywa.

"Enda upande wa mfereji," nikamwambia. Akaenda kwa magoti.

"Rudi huku. Labda iliruka."

Akarudi.

Jirani aliyekuwa akifua kwenye mfereji aliacha kufua. Alinitazama usoni, akatazama kiatu changu, akainamia beseni lake. Nilijua ameelewa. Bado sikuinua mguu. Nataka kusema ukweli wote: nilikuwa nasikia raha, raha iliyotulia tumboni kama chakula cha moto.

Mwishowe mkono wa baba ulifika kwenye kiatu changu. Ukasimama hapo. Akakipapasa polepole, kisigino, upande, ncha, na jinsi nilivyokikandamiza ardhini. Hakuinua kichwa.

"Toa mguu," akasema.

Nikautoa. Akaokota klipu, akaipangusa kwa shati, akainuka kwa kushika tairi. Aliifunga kwa jaribio la kwanza. Akatia tone moja la mafuta kwenye kila kiungo, akazungusha pedali kinyumenyume, akapangusa mafuta yaliyozidi kwa kitambaa. Cheni ilizunguka bila sauti yoyote.

"Imekuwa sawa," akasema, akaingia ndani kunawa.

Kesho yake niliporudi kutoka kazini alikuwa ameondoka. Matandiko alikuwa ameyakunja vizuri. Jirani aliniambia baba alimwomba amshike mkono hadi barabarani, apande gari la Nakuru. Macho alikuja kupasuliwa huko huko Nakuru, na kaka yangu ndiye aliyempeleka. Sasa anaona vizuri. Nikimpigia simu huuliza kama mvua imenyesha Naivasha, kisha humpa mama simu.

Juzi nilimwuliza mama kama baba aliwahi kumweleza kilichotokea.

"Aliniambia siku ile ile aliyofika nyumbani," mama akasema. "Hata alicheka. Alisema hana wasiwasi na wewe tena, hakuna mtu duniani atakuonea. Alisema umemrithi yeye kabisa."

Nikahamisha simu sikio la pili.

"Lakini kulala nyumbani kwako," mama akasema, "hatalala tena."

Kisha akaniuliza kama watoto wamekula.