Hotpoti ya Mama Shiru

Leo nimedanganya mtu aliyefiwa, hapa mlangoni kwangu.

Mnakumbuka nikikohoa? Ploti yote hapa Kitengela ilinihepa. Ni Mama Shiru wa mlango wa pili tu alibisha, barakoa kidevuni, na hotpoti ya chapati.

"Kula, wachana na hawa."

Nikapona. Wiki mbili baadaye gari ya hospitali ikakuja kumchukua yeye.

Hotpoti yake ilikuwa bado kwangu. Si mnajua huwezi rudishia jirani chombo kikiwa kitupu? Nilikuwa nangoja nipike kitu. Lakini majirani wakasema vitu vyake vyote viko na corona, na mimi, mjinga, nikaichoma na takataka.

Jana alizikwa.

Leo Baba Shiru amekuja, kofia mkononi. Amesimama mbali, kama mtu anaogopa kufukuzwa.

"Naomba ile hotpoti. Tulipewa kwa harusi yetu. Hata ikiwa tupu, hakuna shida."

Nimemwambia angoje niitafute.

Ako hapo nje bado. Nimwambie nini?

Na mkinijibu, mkumbuke ni mimi nilikohoa kwanza.